Surua inapita, hatari inabaki: namna chembe za mwili zinapigana na ugonjwa, na somo lililotoka Kasongo

Surua ikipita kijijini, watu wanahesabu watoto waliokufa wakati vipele vilikuwa bado mwilini. Mtoto aliyepona vipele, akaanza tena kula na kucheza, kiisha akafa miezi mitatu ama minne nyuma kwa kuhara au kwa ugonjwa wa mapafu, hakuna anayemtia katika hesabu ya surua. Familia inasema ugonjwa mwingine umemkamata. Wengine wanatafuta mtu wa kulaumu: jirani, mke mwenza, ama bibi mzee wa nyumba ya pili.

Wataalamu wa kinga ya mwili wamekwisha kuonyesha kwamba kifo cha namna hiyo kinaweza kuwa na mzizi wake katika surua yenyewe. Na moja ya tafiti zilizosukuma wanasayansi wa dunia kuuliza swali hilo haikufanyika Ulaya wala Marekani. Ilifanyika Kasongo, katika miaka ya 1970.

Ili kuelewa jambo hili, inafaa kwanza kujua chembe zinazolinda mwili ni zipi, zinafanya kazi namna gani, na surua inazifanyia nini.

Walinzi wako wapi

Mlango wa kwanza wa mwili ni ngozi. Kiisha kuko kamasi za pua na koo, mate, machozi, na maji makali ya tumbo. Vijidudu vingi vinaishia pale pale, bila mtu kujua kama alishambuliwa.

Vinavyopita vinakutana na chembe nyeupe za damu, zile waganga wanaita globuli nyeupe. Katika milimita moja ya ujazo ya damu, ni kusema tone dogo sana, mtu mzima mwenye afya ana chembe nyekundu milioni nne mpaka sita, na chembe nyeupe kati ya 4,000 na 10,000 hivi. Mtu wa maabara akihesabu na kukuta nyeupe zimepanda mpaka 15,000 ama 20,000, mara nyingi ni alama kwamba mwili uko vitani.

Chembe nyeupe zinazaliwa ndani ya uboho wa mifupa. Si zote zinakaa katika damu. Nyingi zinangoja katika bandama, katika tezi za shingo, za makwapa na za manena, na kando ya matumbo. Sehemu nyingine zinapita kwanza katika tezi moja iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ambayo kwa mtoto ni kubwa na kwa mzee inasinyaa. Pale zinachujwa: zile ambazo zingeshambulia mwili wenyewe zinaondolewa.

Wale wa haraka

Mtu akijikata na panga shambani, kidonda kinavimba, kinapata moto, kinauma. Siku ya pili ama ya tatu kunaweza kutoka usaha. Usaha ule watu wanauona kama uchafu tu. Kusema kweli, sehemu kubwa yake ni chembe nyeupe zilizokufa kazini. Zinaitwa nyutrofili. Ni nyingi kuliko chembe nyeupe zingine zote, zinafika haraka, zinameza vijidudu, na maisha yao ni mafupi.

Pamoja nao kuko makrofaji, chembe kubwa zenye kumeza. Mtu wa kwanza kueleza kazi yao vizuri ni Élie Metchnikoff, mwanasayansi mzaliwa wa himaya ya Urusi. Mwaka wa 1882, akiwa Messina nchini Italia, alichoma mwiba mdogo ndani ya mnyama wa bahari mwenye mwili wa kuonekana ndani, na akaona chembe zinakusanyika kuuzunguka mwiba. Mwaka wa 1908 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani.

Chembe hizi za haraka hazichagui. Zinapiga kila kitu kigeni. Pia zinatoa dawa za mwili zinazopita katika damu mpaka kwenye ubongo na kuamuru joto lipande. Hiyo ndiyo homa. Joto linachelewesha vijidudu vingine na kuharakisha kazi ya chembe nyeupe. Homa basi ni alama ya vita, haiko ugonjwa kwa yenyewe. Lakini Maniema, mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye homa hangojewi nyumbani: malaria inaweza kumwua kwa siku mbili tatu.

Kuko pia chembe zenye matawi, ambazo kazi yao ni kupeleka habari. Zinakaa chini ya ngozi na katika njia za hewa. Zikikamata kijidudu, zinakata kipande chake, zinaondoka nacho mpaka kwenye tezi ya karibu. Ni sawa mjumbe anayekimbia kwa chifu na kipande cha nguo ya mwizi mkononi, ili watu wa pale wakitazame na kusema nani anakijua.

Wale wanaojifunza

Ndani ya tezi kuko chembe nyingine, limfositi. Kila moja imezaliwa na kishikio chake kinachoingia kwenye kitu kimoja tu, sawa ufunguo na kufuli. Kati ya mamilioni, labda chache tu zinaweza kukishika kipande kilicholetwa. Zile chache zinaanza kuzaana: moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, mpaka zinafika maelfu na maelfu. Ndiyo maana tezi inavimba, na mtu anasikia mitoki chini ya taya ama kwenye nyonga.

Kazi hii haiendi haraka. Mwili ukikutana na kijidudu kwa mara ya kwanza, unahitaji wiki moja mpaka mbili kuwa na jeshi kamili. Kwa mtoto mdogo, wiki hizo ndizo za hatari.

Limfositi ziko za aina mbili kubwa. Za kwanza ni chembe B. Zinatengeneza kingamwili, vitu vidogo vinavyoshikamana na kijidudu, vinamzuia kuingia, na vinamtia alama ili makrofaji wamkamate. Chembe B moja iliyokomaa inaweza kutoa maelfu ya kingamwili kila sekunde.

Za pili ni chembe T. Kingamwili zinaogelea katika damu na katika kamasi, lakini kirusi kikisha kuingia ndani ya chembe ya mwili, haziwezi kukifikia. Hapo ndipo T wauaji wanafanya kazi: wanatambua chembe yenye kirusi ndani na kuiua pamoja na mgeni wake. T wasaidizi wao wanaongoza wengine wote. Virusi vya UKIMWI vinaharibu hasa hao wasaidizi, na ndiyo sababu mtu mwenye VVU asiyetumia dawa anashindwa na magonjwa ambayo wengine wanayapita.

Kumbukumbu

Vita vikiisha, chembe nyingi za jeshi lile zinakufa. Lakini chache zinabaki, zingine kwa miaka mingi, zikikumbuka sura ya adui. Akirudi, haziombi wiki mbili tena. Zinamzima mara nyingi kabla mtu hajasikia kitu.

Mfano mkubwa unatoka visiwa vya Faroe, katika bahari ya kaskazini mwa Ulaya. Surua ilipita huko mwaka wa 1781, kiisha ikapotea. Mwaka wa 1846 ikarudi kwa mashua. Kati ya watu karibu 7,800, walipata surua kama 6,000. Daktari kijana wa Denmark, Peter Panum, alitumwa kule. Aliona kwamba wazee waliougua surua mwaka wa 1781 hawakuugua tena, hata kama miaka 65 ilikuwa imepita. Mwili ulikuwa bado unakumbuka.

Si kila ugonjwa unaacha kumbukumbu nzuri namna hiyo. Kijidudu cha malaria kinabadilisha sura yake mara kwa mara, kwa hiyo mtu mzima wa Kasongo anapata kinga ya nusu tu, na akikaa miaka mingi mahali pasipo mbu wa malaria, kinga ile inapungua. Kijidudu cha ugonjwa wa usingizi kinavua ngozi yake na kuvaa nyingine kila mara kingamwili zinapokaribia kukimaliza. Lakini surua haibadiliki sana. Aliyeipata mara moja, kwa kawaida haipati tena.

Hapo ndipo kuna fumbo. Surua inaacha kumbukumbu ya maisha juu yake yenyewe, wakati huo huo inafuta kumbukumbu ya magonjwa mengine.

Mwizi anapita kwa mlango wa polisi

Kirusi cha surua kinasafiri hewani. Mgonjwa akikohoa ndani ya chumba na kutoka, kirusi kinaweza kubaki katika hewa ya chumba kile mpaka saa mbili. Mahali ambapo hakuna mtu mwenye kinga, mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza wengine 12 mpaka 18. Magonjwa yanayoenea upesi hivyo ni machache sana.

Mtoto akikivuta, kirusi hakianzi kwa kushambulia ngozi. Kinakamata kwanza makrofaji na zile chembe zenye matawi, ndani ya mapafu. Zenyewe zinafanya kazi yao ya kawaida: zinaondoka kwenda kwenye tezi kupeleka habari. Safari hii zinabeba adui akiwa mzima.

Mwaka wa 2000, watafiti wa Japani walionyesha kirusi kinaingia kupitia mlango gani. Ni kishikio kimoja kilicho juu ya chembe za kinga, na chembe zenye kumbukumbu ndizo zenye vishikio vile kwa wingi. Kwa hiyo ndani ya tezi surua inakuta hasa wale walioshika habari za magonjwa ya zamani: kuhara kwa mwaka jana, kikohozi cha miezi sita iliyopita, na vijidudu vingine mtoto alivyokwisha kuvishinda.

Siku kama 10 baada ya kuambukizwa, homa inaanza, pamoja na kikohozi, mafua na macho mekundu. Siku kama 14, vipele vinatoka usoni na nyuma ya masikio, kiisha vinashuka mwilini. Mtoto anaambukiza wengine tangu siku nne kabla ya vipele mpaka siku nne baada yake. Ndiyo maana kumtenga wakati vipele vimekwisha kuonekana kunasaidia, lakini kumechelewa: ameshacheza na wenzake siku nne nzima.

Vipele vyenyewe si kazi ya kirusi tu. Ni T wauaji waliofika kwenye ngozi na kuua chembe zenye kirusi. Katika sehemu nyingi wazee wanasema vipele vikitoka vizuri, mtoto atapona, na vikikataa kutoka, kuna hatari. Hapo walikuwa wameona kitu cha kweli, hata kama dawa za kienyeji za kulazimisha vipele hazisaidii. Mtoto mwenye utapiamlo mkali ama mwenye VVU anaweza kuwa na surua bila vipele, juu T zake ni dhaifu. Hakupona haraka. Mwili wake umeshindwa kujibu.

Jeshi limerudi, kumbukumbu haikurudi

Wakati wa surua, chembe nyeupe katika damu zinapungua sana. Wiki kama mbili nyuma, hesabu yao inarudi ya kawaida. Maabara inaweza kuandika kwamba damu ni nzuri. Lakini sehemu kubwa ya zile zilizozaliwa upya zinajua kitu kimoja tu: surua. Nafasi za wale waliokufa zimejaa, ila maarifa yao hayakurudi.

Jambo hili lilianza kushukiwa zamani. Mwaka wa 1908, Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Austria, aliona kitu cha ajabu. Watoto ambao ngozi yao ilikuwa inajibu kipimo cha kifua kikuu, walipopata surua ngozi ikaacha kujibu kwa muda. Mwili ulikuwa kama umesahau.

Jibu la wazi lilichelewa zaidi ya miaka 100. Mwaka wa 2019 watafiti walichapisha kazi juu ya watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa. Damu yao ilichukuliwa kabla ya surua kufika katika jamii yao, na tena miezi kama miwili baada ya kuugua. Waliolinganisha damu zile walikuta kwamba surua ilikuwa imefuta kati ya asilimia 11 na asilimia 73 ya kingamwili ambazo watoto walikuwa nazo juu ya magonjwa mengine. Na hao walikuwa watoto wenye kula vizuri, katika nchi tajiri. Katika kazi ile ile, watoto waliopewa chanjo ya surua hawakupoteza kumbukumbu.

Kabla ya hapo, mwaka wa 2015, hesabu za vifo vya watoto za Uingereza, Marekani na Denmark zilionyesha kwamba baada ya surua kupita, vifo vya magonjwa mengine ya kuambukiza vinabaki juu kwa miaka miwili mpaka mitatu. Huo ndio muda mwili unahitaji kujifunza upya, ugonjwa kwa ugonjwa.

Kwa mtoto wa Kasongo ama Kabambare, kujifunza upya kunamaanisha kukutana tena na kuhara na nimonia, akiwa amekonda na nguvu zimeisha.

Kasongo katika miaka ya 1970

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, madaktari wa taasisi ya magonjwa ya nchi za joto ya Anvers, nchini Ubelgiji, wakiwemo Pierre Mercenier na Harrie Van Balen, walijenga Kasongo, pamoja na wafanyakazi wa afya wa Zaire, mfumo ambao wakati ule ulikuwa mpya. Badala ya kila kitu kungoja hospitali, vituo vya afya viliwekwa karibu na watu, na hospitali ikawa ya kusaidia vituo. Kazi hiyo, iliyoitwa Mradi wa Kasongo, iko kati ya zile zilizochangia mpango wa zoni za afya ambao nchi inautumia mpaka leo.

Watu wa mradi walikuwa pia wanaandika: nani amezaliwa, nani amechanjwa, nani amekufa na akiwa na umri gani. Chanjo ya surua ilikuwepo duniani tangu 1963, lakini ilikuwa ya bei, na nchi maskini zilikuwa zinajiuliza kama inafaa. Kulikuwa na swali gumu. Watoto ambao surua inaua ni mara nyingi wale dhaifu. Ukiwaokoa na surua, je, watabaki wazima, ama utakuwa umechelewesha tu kifo chao miezi michache, mpaka ugonjwa mwingine uwachukue?

Watafiti walilinganisha watoto wa miezi 7 mpaka 35 waliopewa chanjo na wale ambao hawakupewa. Matokeo yalitoka mwaka wa 1981 katika jarida la Uingereza The Lancet. Hayakutiwa sahihi ya mtu mmoja, yaliandikwa kwa jina la timu ya Mradi wa Kasongo. Yalisema chanjo inapunguza hatari ya kufa katika umri ule ambao surua inashambulia zaidi, lakini faida ile inapungua kadiri watoto wanavyokua.

Kuna walioshika sehemu ya pili na kusema: ndiyo, waliookolewa wanakufa baadaye na kitu kingine. Wengine walikataa. Kati yao alikuwa Peter Aaby, mtafiti wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi Guinea-Bissau, ambaye mwaka ule ule aliandikia jarida hilo. Yeye alikuwa anaona katika hesabu zake picha tofauti: watoto waliochanjwa walikuwa wanabaki hai wengi kuliko ilivyotarajiwa, kama vile chanjo inawalinda na zaidi ya surua.

Mwaka wa 1995, Aaby na wenzake walikusanya tafiti za nchi mbalimbali, zikiwemo Bangladesh, Benin, Burundi, Senegal, Haiti na Zaire. Katika tafiti hizo, vifo vya watoto waliochanjwa vilikuwa chini kwa kati ya asilimia 30 na asilimia 86. Surua peke yake haikuwa inaua watoto wengi hivyo. Sehemu ya tofauti ile inaeleweka leo kupitia kumbukumbu iliyofutwa: kumkinga mtoto na surua ni pia kumwachia kinga aliyokwisha kuipata juu ya magonjwa mengine. Wataalamu bado wanajadiliana kama chanjo inaongeza faida nyingine juu ya hiyo. Lakini wazo kwamba chanjo inachelewesha kifo tu, hilo hesabu zimelikataa.

Chanjo inafundisha bila vita

Chanjo ya surua ni kirusi cha surua kilichodhoofishwa. Kilitolewa kwa mvulana mmoja aliyekuwa mwanafunzi karibu na Boston, Marekani, mwaka wa 1954, katika maabara ya John Enders, kiisha kikakuzwa mara nyingi katika mayai ya kuku na katika chembe zake mpaka kikapoteza ukali. Kikiingia mwilini kinazaana kidogo, kinaonyesha sura yake kwa tezi, chembe B na T zinajifunza, na kinakwisha.

Kwa hiyo mtoto mmoja kwa saba ama kwa ishirini hivi (asilimia 5 mpaka 15) anapata homa kati ya siku ya 7 na ya 12 baada ya sindano. Wazazi wengi wanashituka. Homa ile ni alama ya chembe zinazojifunza, na inaisha kwa siku moja mbili. Lakini ikizidi ama mtoto akilegea, apelekwe kupimwa malaria, juu homa mbili zinaweza kukutana.

Kwa nini miezi 9, na si siku ya kuzaliwa? Mama aliyewahi kupata surua ama chanjo anampa mtoto kingamwili kupitia kondo la nyuma. Zinamlinda miezi ya kwanza, lakini zinaua pia kirusi cha chanjo kabla hakijafundisha kitu. Kwa miezi 9 zimepungua. Hata hivyo, kati ya watoto 100 wanaochanjwa kwa miezi 9, kama 85 ndio wanapata kinga. Ndiyo sababu Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linashauri kipimo cha pili kati ya miezi 15 na 18 katika nchi ambako surua bado inazunguka.

Hesabu ni rahisi. Kijiji kina watoto 100, wamechanjwa 80 mara moja tu. Wenye kinga ni kama 68. Watoto 32 wako wazi, na surua inahitaji wachache tu ili iwake. Ili isipite, kati ya watu 100 inafaa 95 wawe wamekingwa.

Tatizo la pili ni baridi. Chanjo ile inataka kukaa kati ya digrii 2 na 8. Kutoka Kindu mpaka kwenye vituo vya Kasongo, Kunda ama Samba, na mbele zaidi Kabambare, Lusangi na Saramabila, ni pikipiki, ni mtumbwi, ni barabara ya matope, sanduku la barafu mgongoni. Chupa ikisha kuchanganywa na maji yake, haipaswi kutumiwa baada ya saa sita. Chupa nyingi ni za watoto 10, na hapo ndipo mama anaambiwa arudi siku nyingine juu watoto hawajatimia. OMS inashauri chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa sababu mama aliyetembea kilomita 15 anaweza asirudi.

Mtoto akisha kupata surua

Hakuna dawa inayoua kirusi cha surua. Antibiotiki haikiui. Muganga anaitoa tu kama kuna nimonia, sikio linalotoa usaha ama shida nyingine iliyofuata. Kuna kitu kimoja kinachopunguza vifo na upofu: vitamini A. OMS inaomba kila mtoto mwenye surua apewe siku mbili mfululizo. Kwa mtoto wa chini ya miezi 6, ni yuniti 50,000 kila siku. Kwa miezi 6 mpaka 11, ni 100,000. Kuanzia mwaka mmoja, ni 200,000. Macho yakiwa yameharibika, kipimo cha tatu kinafuata wiki mbili mpaka nne nyuma. Vidonge hivyo vinatolewa na muganga, havinunuliwi sokoni.

Nyumbani, mtoto anyonyeshwe, apewe maji mengi na chakula mara nyingi, hata kidogo kidogo. Kumnyima mafuta ama nyama kwa sababu ya mwiko wa surua kunamwongezea udhaifu. Mafuta ya mawese mekundu yana vitamini A nyingi, na sombe, papai, embe na maboga pia yanayo. Mafuta yaliyochomwa mpaka yakawa meupe yameipoteza. Chakula hiki hakichukui nafasi ya vidonge wakati wa ugonjwa, kinasaidia kabla na baada. Macho yasitiwe maji ya majani.

Apelekwe mbio kwenye kituo kama anapumua haraka ama kifua kinaingia ndani, hawezi kunyonya ama kunywa, anatapika kila kitu, anapata degedege, anasinzia bila kuamka vizuri, jicho limekuwa jeupe ama limefifia, ama anahara damu.

Miezi inayofuata

Mwaka wa 2019 surua ilishika karibu nchi nzima. OMS ilihesabu wagonjwa waliodhaniwa karibu 310,000, na mwanzoni mwa Januari 2020 vifo vilikuwa vimepita 6,000. Wakati ule macho ya dunia yalikuwa Kivu ya Kaskazini na Ituri, ambako Ebola iliua watu karibu 2,300 kwa miaka miwili. Vifo 6,000 vile ni vya surua iliyoonekana. Wale waliokufa mwaka uliofuata kwa kuhara na mapafu hawamo.

Surua inapenda mahali watu wamebanana na chanjo imekatika: familia zilizokimbia vita na kulala kumi katika chumba kimoja, kambi za wachimba dhahabu, vijiji ambavyo mvua imevifunga. Sehemu za Kabambare, upande wa Salamabila, zimejua hayo yote.

Mtoto aliyepona surua asihesabiwe amemaliza. Kwa miaka miwili, hata mitatu, kuhara kwake na kikohozi chake si vya kungojea vipite vyenyewe. Alale chini ya chandarua, amalize chanjo zingine zilizobaki kwenye karatasi yake, apimwe uzito. Na kila mara mzazi anapomfikisha kwa muganga na homa, aseme pia ni lini mtoto aliugua surua. Neno lile halichukui hata dakika moja, na linamwambia muganga kwamba mtoto aliye mbele yake ana umri wa miaka mitatu, lakini kinga yake imerudi nyuma sawa ya mtoto mchanga.